Bang ya Maskati, Bangi ya Unguja

Nimeacha kazi kwa sababu ya macho. Siku moja mwezi uliopita nlihesabu matone kumi na mawili, kuangalia kwenye kikombe cha vipimo nikaona yamefika karibu na ishirini. Nikaifunga chupa, nikavua koti langu jeupe nikalitundika kwenye msumari wake, nikenda kwa Daktari nikamwambia basi. Mtoa dawa asiyeliona tone ni mtu wa khatari. Daktari hakubisha hata kidogo, na hilo nalo lilinikera.

Sasa nyinyi vijana mnaokuja na vyeti vyenu kutoka Kuwait na Cairo, tangu Sultani mpya aliposhika mambo mwaka huu, mmeniomba nikuandikieni niliyoyaona katika miaka sita ya kazi hapa. Nnajua mnataka orodha ya dawa. Orodha mtaikuta kabatini. Mimi ntakuandikieni khabari ya chupa moja tu, kwa sababu juzi mmoja wenu aliona ile nafasi tupu kwenye rafu ya juu, nyuma ya mafuta ya nyonyo, akaniuliza palikuwa na nini. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikamjibu, "Sikumbuki." Nnakumbuka sana. Nliogopa tu, kwa mazoea.

Nlifika Maskati mwaka wa sitini na nne kwa meli, baada ya mambo yale ya Januari kule Unguja. Nlikuwa na sanduku la bati, na ndani yake nguo mbili, mizani yangu ya shaba na kinu kidogo cha kusagia dawa. Wenzangu waliokoa dhahabu. Ruhusa yangu ya kukaa ilikuwa karatasi moja, na bwana aliyenikabidhi alinambia kwa upole kabisa kwamba karatasi hiyo inaweza kurudi ilikotoka siku yoyote, na mimi pamoja nayo. Nliilaza chini ya mto. Mke wangu akasema hata yeye hajawahi kulindwa namna ile.

Zahanati ilikuwa vyumba viwili katika kichochoro cha Matrah, bandari jirani ya Maskati, nyuma ya soko. Mwenyewe ni Daktari Menezes, Mgoa, mfupi, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Kiswahili hakijui hata neno, na Kiarabu chake cha kuokoteza. Changu mimi kilikuwa cha nyumbani, cha kumwamkia babu na kuombea dua. Baina yetu tulisema Kiingereza kidogo na Kiarabu kingi kibovu, na hivyo hivyo tukawatibu watu, Mungu atusamehe.

Siku yangu ya tatu aliletwa seremala mmoja kidole kimeoza, hakina budi kukatwa. Daktari keshanawa, kisu kipo tayari, ananipigia ukelele kutoka chumba cha ndani: "Nassor! Hat il-bang!"

Nikasimama kama nimegongwa. Kwetu bangi ni ile ile moja, majani wanayovuta wahuni nyuma ya kuta mpaka polisi waje wawatawanye. Nikasema moyoni, lo, nimeingia kwa daktari gani huyu? Lakini siku ya tatu ya kazi humuulizi mtu. Nikenda kabatini kuitafuta huku nikiomba nisiione. Nikaiona. Rafu ya juu, nyuma ya mafuta ya nyonyo, chupa ya rangi ya kahawia iliyofungwa kwa nta, kibandiko cha duka la dawa la Bombay kimeandikwa Kilatini: Tinctura Cannabis Indicae. Kilatini cha dawa nlifundishwa hospitali ya Unguja kwa fimbo, kwa hivyo hakikunipa tabu. Ndiyo yenyewe, imerowekwa kwenye spiriti. Nikampelekea.

Daktari akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Hii nini?"

"Bangi, Daktari. Umesema nilete bangi."

Alicheka mpaka miwani ikamponyoka ikabaki kuning'inia kwa uzi. Seremala masikini akadhani anachekwa kidole chake, akaanza kuinuka aende zake. Ikabidi nimkalishe. Kumbe hapa bang ni ganzi, ile sindano ya kumfisha mtu ganzi anapokatwa, na ilikuwa kwenye trei mbele ya macho yangu. Wasomi huiita banj, lakini watu wa mji huu herufi yao ya jim huitamka ga, ndiyo ikawa bang. Kwao neno hilo ni faraja, kwetu ni jela.

Kidole kilipokwisha kukatwa na seremala kuondoka, Daktari hakucheka tena. Akaniuliza, "Ningekwambia umnyweshe ile chupa, ungemnywesha?"

"Ningemnywesha."

"Bila kuuliza?"

"Wewe ndiye daktari."

"Haya, sikiliza," akasema. "Kuanzia leo dawa yoyote nikikutajia, uniulize jina lake mpaka uridhike. Kisha umtajie mgonjwa jina hilo hilo. Usimpe mtu kitu asichojua anaitwaje nacho mwilini." Kiarabu chake kilivurugika hapo mwisho, lakini nlimfahamu. Chupa aliikuta kwa daktari aliyemtangulia, na hajui pa kuimwaga bila ya kuulizwa. Akaniamuru niirudishe nilipoitoa.

Nyinyi hamkuuona mji wa wakati ule. Mtu kuvuta sigara tu barabarani alikuwa anakamatwa. Milango ya mji ikishafungwa, hutembei bila ya fanusi mkononi. Na ukiwa Maskati ukiinua macho unaiona ngome ya Jalali, jela yenyewe, juu ya mwamba, na kila mtu ana mtu anayemjua aliyeingia mule. Na mimi, mgeni wa karatasi moja, nna bangi iliyorowekwa kwenye ulevi, haramu mbili ndani ya chupa moja, kwenye rafu ninayoifuta vumbi mimi mwenyewe kila Alkhamisi. Nlikuwa nafuta pembeni mwake. Hata kuigusa kwa kitambaa nliogopa.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Nikajifunza kazi ya hapa, macho ya trakoma, homa, vidonda vya miguu, na nikajifunza Kiarabu cha watu, mpaka seremala yule wa kidole akawa rafiki yangu. Alipata kazi ya kutengeneza masanduku forodhani na kila akipita ananionesha ule mkono wake wa vidole vinne, anasema, "Bang yenu nzuri, Nassor, mkono mzima ulilala!" Mkumbukeni huyo seremala.

Ndipo alipokuja Bi Zamzam. Alikuwa mtu wa kwetu Unguja, mjane wa miaka hamsini na kitu, anakaa na kaka yake, Bwana Khamis, karani wa forodhani. Kazi yake kushona kofia, zile za vitobo vidogo vidogo, na mabwana wakubwa wa hapa walikuwa wakimngojea miezi wapate kofia ya mkono wake. Alikuwa na ulimi. Mara ya kwanza kuniona aliniambia, "Wewe Bwana Nassor, kichwa chako kikubwa na kofia yako ndogo. Nani kakushonea, adui yako?"

Alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari aliubonyeza kwa vidole viwili, akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida yake, nikajua. Hapakuwa na wa kuupasua, si hapa, na safari ya Bombay asingeimaliza. Kwa maumivu tulimpa morfini, kidogo tuliyokuwa nayo, lakini ikamzidishia kutapika. Akawa harudishi chakula tu, hata maji. Kila alichokitia mdomoni kilitoka. Akaacha kushona. Akawa amelala na kofia moja aliyoishona nusu, iko kifuani, anaishikashika. Bwana Khamis alinambia, "Sheikh Nassor, simuombei kupona, nnajua. Nnaomba ale kitu. Nnaona haya kula chakula mimi na yeye anatazama." Akalia pale pale mlangoni, mtu mwenye heshima zake.

Daktari alikaa siku nne na kitabu chake cha zamani cha dawa, chenye jalada lililoliwa na mende. Siku ya nne akanambia nifunge mlango na niishushe ile chupa. Nikaufunga, nikaishusha.

Nataka mwelewe alivyoifanya kazi hii, maana sijawahi kumuona mtu akiiogopa dawa kwa heshima vile. Alijiuliza kwa sauti, na mimi nimjibu. Je, tumejaribu kila kilicho salama zaidi? Tumejaribu. Je, mgonjwa aliwahi kurukwa na akili, yeye au wazee wake? Ntamuuliza. Moyo wake? Dhaifu, lakini unakwenda sawa. Nani yupo nyumbani wa kukaa naye? Kaka yake. Tunatarajia nini? Kitabu kinasema dawa hii huenda ikatuliza kutapika, ikarejesha hamu ya kula, ikapunguza maumivu. Huenda, si hakika. Na huenda ikamtia khofu na moyo kwenda mbio. Halafu likaja lile kubwa kuliko yote: chupa yenyewe ina miaka mingapi? Nguvu yake haijulikani. Pengine imekuwa maji, pengine tone moja linamwangusha mtu.

"Iko njia moja ya kujua," akasema, akafungua mdomo wake yeye.

Nlimtonea matatu. Nikakaa nimemshika mkono nahesabu mapigo, na saa mbele yangu. Hakuna kitu. Kesho yake sita. Hakuna. Siku ya tatu kumi na mawili, na baada ya saa moja na nusu nikamuona anatazama dari kama mtu anayesoma barua. Akanambia kwa utulivu, "Nassor, miguu yangu iko mbali." Mlango umefungwa, mwenye zahanati miguu yake iko mbali, na mimi ndiye niliyemnywesha! Kisha akaomba halwa. Akala sahani nzima, peke yake, akafuta sahani kwa kidole. Alipozindukana sawasawa akaandika kwenye daftari: nguvu haijafa, kuanzia matone matatu, si zaidi. Nyinyi msifanye hivyo. Sasa mna maabara.

Tukenda kwa Bi Zamzam baada ya sala ya adhuhuri. Daktari akaingia kumpima, na mimi akanituma sebuleni. "Mwelezee kaka yake kila kitu. Jina, khatari yake, matone. Akikubali yeye, umwelezee dada kisha tuseme naye." Nikasema ndiyo.

Sebuleni Bwana Khamis hakuwa peke yake. Amekaa naye jirani yao, askari wa lango, bunduki ameiegemeza ukutani, anakunywa kahawa. Askari huyu alikuwa mtu mwema, nataka mjue hilo. Lakini mimi nliiona bunduki, nikaiona na karatasi yangu chini ya mto. Nliyokuwa nimejipangia kichwani kwa Kiswahili yote yakayeyuka. Mdomo ukafunguka wenyewe, kwa Kiarabu:

"Tutampa bang."

"Ah, bang," akasema Bwana Khamis. "Ganzi. Alhamdulillahi."

Askari naye akaitikia kwa kichwa, "Zeni, zeni," vyema, vyema.

Nikamwambia matone matatu, mara tatu kwa siku, kwenye maji ya sukari. Khatari yake sikuitaja, maana ningeitajaje bila ya kutaja jina? Nikampa kichupa kidogo nilichokijaza asubuhi. Bi Zamzam nikamwambia, "Dawa ya ganzi hii, dada, itakupumzisha." Njiani kurudi Daktari akaniuliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia," nikasema. Nlikuwa sijawahi kumwambia uongo yule bwana. Nikajiliwaza kwamba kwa kweli nimelitaja jina, herufi zilikuwa karibu zile zile.

Kesho yake kabla ya alasiri Bwana Khamis aliingia zahanati mbio, kichwa wazi, hana kofia. Mtu wa kwetu kutoka nje bila kofia, na dada yake ndiye fundi wa kofia! Sikungoja aseme. Nlijua nimeua.

Kumbe asubuhi forodhani alimuelezea khabari ya bang rafiki yangu seremala. Na seremala, kwa ule ujuzi wake wa vidole vinne, akamcheka: matone matatu? Bang ya matone matatu haimlazi hata nzi! Yeye ilimlaza mkono mzima. Bang ni ya kumlaza mtu, ukiipunguza si bang. Bwana Khamis akaona tunambania dada yake. Akarudi nyumbani mchana akampa kijiko kizima.

Tulimkuta Bi Zamzam amelala chali, amekakamaa, macho wazi, mikono baridi. Midomo imemkauka. Nikamshika mkono, mapigo yanakwenda mbio nisiweze kuyahesabu. Alinitazama bila kunijua akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayelalamikia wageni waliochelewa:

"Mbona hamnioshi? Nimekufa tangu adhuhuri. Mnaniacha hivi hivi, hamna haya?"

Wallahi, katika miaka yangu yote ya kazi sijasikia maneno yaliyonitisha kama yale. Bwana Khamis akapiga magoti anasoma shahada sikioni mwake. Mama mmoja jirani akapiga ukelele, na kwa ukelele ule nikasikia viatu sebuleni. Askari wa lango amekuja kutazama kuna nini. Akasimama mlangoni, nje ya pazia, kivuli chake kimeanguka chumbani.

Daktari alifanya mambo yake. Akafunga dirisha lenye jua, akamtoa yule mama, akamwinua mgonjwa miguu kwa mto, akamlowesha midomo kwa maji ya sukari. Kisha akaninong'oneza, "Hukumwambia."

Hakuwa anauliza. Nikakubali kwa kichwa.

"Hajui alichokunywa. Ndiyo maana anadhani anakufa. Mwambie sasa, kwa lugha yake."

Nikainama. Nikalitamka jina kwa pumzi tu, chini kabisa. Bi Zamzam hakusikia, aliendelea kuulizia sanda yake.

"Kwa sauti, Nassor."

Kivuli cha askari bado kipo pale pale. Nlimfikiria mke wangu, nikaifikiria meli, nikaifikiria ile ngome juu ya mwamba. Nlikuwa na khofu, sikufichieni. Kisha nikautazama uso wa Bi Zamzam, nikaona khofu yake ni kubwa kuliko yangu, na yake nimempa mimi. Nikapaza sauti:

"Bi Zamzam! Umekunywa bangi! Bangi, dada. Umezidishiwa. Hujafa. Itapita kabla ya magharibi."

Akaacha kuulizia sanda. Macho yakaanza kuniona.

"Bangi?"

"Bangi."

"Ile ya wahuni?"

"Ile ile. Ya kunywa."

"Basi sijafa."

"Hujafa."

Akafikiri. "Khamis. Nibane."

Kaka yake akambana mkono.

"Ah! Mjinga we, si hivyo!" Machozi yakamtoka, mwili ukamlegea, na vidole vyake vikaanza kupata moto kidogo kidogo mkononi mwangu.

Nyuma ya pazia sauti ya askari ikasema kwa Kiarabu, imejaa huruma, "Bang? Wamempa bang? Masikini, basi ana maumivu makubwa. Allah amponye." Viatu vikarudi sebuleni. Neno langu la Kiswahili lilikuwa limepita mlangoni likageuka lake. Daktari hakufahamu mpaka nilipomwelezea baadaye, na mara hii hakucheka.

Tulikaa naye mpaka jua likaanza kushuka. Kesho yake nikenda peke yangu kuomba radhi. Bwana Khamis alinifungulia mlango bila ya salamu. Alisema, "Umenifanya nimpe sumu dada yangu kwa mkono wangu," na alikuwa na haki. Bi Zamzam alikuwa ameegemea mito, amechoka, lakini ulimi umesharudi.

"Shambani kwa baba," akasema, "wachumaji walikuwa wakivuta. Nimeona kwa macho yangu mtu amezidisha anajiona amekufa, wenzake wanamcheka, wanampa ndimu anyonye, jioni anachuma karafuu. Nnakijua kitu hicho. Ungenitajia jina ningekijua kinapokuja. Badala yake nimekaa kaburini peke yangu mchana kutwa, kwa sababu wewe umeona haya."

"Si haya, Bi Zamzam. Ni khofu."

"Khofu ilikuwa yako. Mbona umenitwika mimi?"

Nikalia. Nnakuandikieni ili mjue kwamba mtoa dawa huweza kulia mbele ya mgonjwa na mbingu zisianguke. Aliningoja nimalize, kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia: alfajiri ile alikuwa amekunywa uji. Bakuli zima. Haukurudi.

Nlidhani Daktari atanifukuza. Hakunifukuza, alinipa adhabu kubwa zaidi. "Hutoi kichupa tena. Utakwenda wewe, kila siku, utahesabu wewe, na utakaa mpaka uone imefanya nini." Yeye mwenyewe akaja akakaa kwenye kiti mbele ya mgonjwa, na mara hii nlitafsiri sentensi kwa sentensi, sikuruka hata moja. Haitakuponya. Huenda ikaacha kusaidia. Ukiona ile khofu inarudi, tunaacha. Hulazimiki. Unataka? Bi Zamzam akataka kwanza kaka yake amuulize shekhe. Bwana Khamis akenda, akarudi na jibu kwamba dharura ina hukumu yake, na kwamba shekhe hataki kujua zaidi ya hapo.

"Basi nnataka," akasema Bi Zamzam. "Lakini nna sharti na Bwana Nassor. Sifungui mdomo mpaka alitaje."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwa wiki tano. Kila siku baada ya alasiri nnapita kichochoroni na chupa ndani ya koti, kila kilemba nnachokiona nnakiona cha askari. Nnaingia, nnatoa kibomba cha matone. Dirisha lake lilikuwa linatazama njia, na joto lile halifungiki. Watu wanapita, nasikia hata makubadhi yao. Yeye amefunga mdomo, ananitazama.

"Bangi, Bi Zamzam. Matone matatu."

"Sikusikia."

"Bangi!"

"Aa. Sasa nimesikia, na hawa wapita njia wamesikia." Anafungua mdomo.

Sikuizoea khofu ile hata siku moja. Lakini alikula. Uji, kisha wali laini, kisha siku moja changu wa kuchoma na ndimu, akamnyonya mpaka mifupa, na Bwana Khamis akakaa naye sahani moja wakala pamoja, akawa ananitazama na mimi kwa jicho la amani. Maumivu hayakuondoka, yalikaa pembeni tu. Alirudia ile kofia ya nusu. Alishona vitobo viwili, vitatu kwa siku, anapumzika, anashona. Aliipima kwa uzi kichwani mwangu bila ya kuniuliza.

Wiki ya tano kushona kofia kukasimama. Akawa analala muda mrefu, na matone nikayapunguza kwa amri ya Daktari, mawili, kisha moja. Siku ya mwisho nlifika nikamkuta macho yamefumba, pumzi fupi fupi, kofia imekunjwa kwenye mkono wake wa kulia. Bwana Khamis kakaa upande wa pili amemshika mguu. Akanambia, "Hasemi tangu asubuhi. Wala hasikii."

Nikalivuta tone moja kwenye kibomba. Njiani kulikuwa na watu, wanaume wengi, wamesimama chini ya dirisha kabisa, na katika sauti zao nikaitambua ile ya askari wa lango. Mdomo wa Bi Zamzam ulikuwa umefungwa. Ningeweza kuulowesha tu kwa kitambaa, bila ya neno, hakuna ambaye angenilaumu.

"Bangi, Bi Zamzam," nikasema, kwa sauti yangu yote. "Tone moja."

Akafungua mdomo.